Usiku kipimo kilionyesha mstari mmoja, asubuhi nikakuta wa pili: je, nina mimba?

SWALI

Hamjambo, wakunga wa safu hii. Nina miaka 24, naishi Malaba upande wa Uganda, na ninauza mitumba karibu na mpaka. Mwenzangu ni dereva wa lori. Huja akakaa siku chache, kisha huendelea na safari yake ya Juba. Nawaandikia leo tarehe 4 na moyo wangu hautulii.

Mwezi uliopita niliona siku zangu tarehe 3. Kwa kawaida hurudi baada ya siku 27, mara nyingine 30 au 31. Tarehe 15 usiku kondomu ilipasuka. Alikuwa ameitoa kwenye dashibodi ya lori, na tulipaka mafuta ya mgando kwa sababu nilikuwa mkavu. Nilijiosha kwa maji ya chumvi. Tarehe 17 jioni nikapata pesa, nikanunua Postinor, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, na kuimeza. Tarehe 19, usiku wa kuamkia safari yake, tulilala tena bila kondomu, akamwaga nje. Nilijua kidonge bado kiko mwilini.

Tarehe 22 nilianza kichefuchefu na kizunguzungu. Musawo (mhudumu wa afya) wa duka la dawa akanipa dawa ya malaria bila kunipima. Tarehe 26 na 27 nilipata matone ya kahawia, machache tu. Tarehe 29 jioni nilinunua kipimo cha mkojo cha shilingi 2,000: mstari mmoja. Nilikiacha dirishani, na asubuhi nikakuta kivuli cha mstari wa pili. Sasa matiti yanauma na hedhi haijaja. Jirani ananiambia nichemshe mululuza kali, yale majani machungu ya dawa, ninywe ili "irudi". Na kama mimba ipo, je, hicho kidonge na dawa ya malaria havijamharibu mtoto?

Kuna jambo jingine. Binamu yangu alipopimwa aliambiwa ana mimba ya wiki tano. Mumewe akasema wiki tano zilizopita alikuwa Mombasa, na ndoa ikaishia hapo. Sitaki yanikute.

Mwenye mawazo, Malaba

JIBU

Dada yetu, pole kwa usiku wote huo wa kutolala. Mimba inawezekana, na hatutakuficha hilo. Lakini kwa uliyoyaona mpaka sasa, hakuna anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba ipo au haipo, awe jirani, awe musawo wa uzoefu wa miaka thelathini. Kipimo cha kuamini ni utakachofanya tarehe 9 asubuhi au baada ya hapo. Umefanya vizuri kuandika tarehe, maana dalili zako zote zina maana mbili au tatu, ila tarehe zina moja.

Wengi wamefundishwa kwamba yai hutoka siku ya 14. Hiyo ni kweli kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Kisichobadilika sana ni kipande cha nyuma: tangu yai litoke hadi hedhi inayofuata hupita kama siku 14, mara nyingine 12, mara nyingine 16. Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma. Kwako wewe mwenye siku 27 hadi 31, yai hutarajiwa kati ya siku ya 13 na ya 17, yaani kati ya tarehe 15 na 19. Yai lenyewe halizidi saa 24. Mbegu za kiume ndizo zenye subira: zikikuta ule ute mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi, zinaweza kukaa hai hadi siku 5 zikilisubiri. Ili kujua siku za kushika mimba, wanaofuata kalenda hutoa 18 kwenye mzunguko wao mfupi kabisa, na 11 kwenye ule mrefu. Kwako ni siku ya 9 hadi ya 20, yaani tarehe 11 hadi 22. Usiku ule wa tarehe 15 na ule wa tarehe 19 zote ziko ndani.

Kidonge sasa. Ulikimeza kama saa 44 baada ya kondomu kupasuka, bado ndani ya saa 72 zinazotakiwa, ingawa kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kazi yake ni moja: kuchelewesha yai lisitoke. Kama lilikuwa limeshatoka tarehe 15 au 16, kidonge hakikuwa na la kufanya. Kama lilikuwa bado, huenda kililizuia kwa siku kadhaa hadi mbegu za tarehe 15 zikafa.

Hapa soma polepole, kwa sababu ndipo wengi wanaponaswa. Yai lililocheleweshwa halijafutwa. Linakuja baadaye. Kwa hiyo siku zinazofuata kidonge huweza kuwa na hatari zaidi kuliko mwanamke anavyodhani, kwani yai linasogezwa kukutana na tendo jipya. Kidonge cha tarehe 17 hakikukinga tarehe 19. Na kumwaga nje kunasaidia kiasi tu: kati ya wanandoa 100 wanaotegemea njia hiyo kwa mwaka mzima, kwa jinsi watu wanavyoifanya kweli, karibu 20 hupata mimba. Mwanaume hukawia sekunde moja, na kwa baadhi ya wanaume yale majimaji yanayotangulia huwa na mbegu hai. Tukiambiwa tuchague usiku mmoja wa kuuogopa, tungechagua wa tarehe 19 kabla ya ule wa kondomu.

Kwa wasomaji wengine wanaonunua kidonge hiki: ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine. Ukiwa kwenye dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, dawa za VVU zenye efavirenzi, au baadhi ya dawa za kifafa, mwambie mfamasia kabla ya kulipa, maana dozi ya kawaida ya miligramu 1.5 haitoshi na huongezwa hadi 3. Na mwenye kufika kituoni ndani ya siku 5 anaweza kuwekewa kitanzi cha shaba, ambacho kinazuia mimba kuliko kidonge chochote cha dharura.

Maji ya chumvi hayakusaidia, dada. Mbegu hufika kwenye shingo ya kizazi ndani ya dakika chache, mahali ambapo maji ya kunawa hayafiki. Chumvi, soda au ndimu hukwaruza tu ngozi laini ya uke na kufungulia maambukizi mlango. Kuruka-ruka na kukojoa mara moja havizuii mimba pia, kwa kuwa mkojo una njia yake.

Twende kwenye dalili. Yai likirutubishwa kwenye mrija, husafiri siku kadhaa kabla ya kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Mara nyingi hilo hutokea kati ya siku ya 8 na ya 10 tangu yai litoke, kwa wachache mapema kuanzia siku ya 6 au kuchelewa hadi ya 12. Kabla ya hapo mwili haujajua chochote, na homoni ya mimba haijaanza kuingia kwenye damu. Sasa tazama kichefuchefu chako cha tarehe 22. Ni siku 3 tu baada ya tendo la mwisho, na siku 7 baada ya lile la kondomu. Ni mapema mno kwa mimba. Kichefuchefu chake huanza mara nyingi wiki ya 5 au ya 6. Cha kidonge nacho hupita ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo kilikuwa na chanzo kingine, na hatupendi kwamba ulipewa dawa ya malaria bila kuchomwa kidole. Malaria na mimba changa zinafanana sana hapa kwetu: uchovu, kutapika, kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula. Mwanamke anaweza kumeza dozi tatu za malaria huku mimba inakua, au akajidhania mjamzito huku malaria inamla. Yote mawili hupimwa, tena siku moja.

Matone ya tarehe 26 na 27 yanaweza kuwa ya kujishikiza kwa kiinitete. Yanaweza pia kuwa ya kidonge, ambacho huvuruga damu katika mwezi huo, au hedhi iliyotaka kuanza ikasita. Hata mkunga akiyaona kwa macho hawezi kuyatofautisha. Matiti yanayouma hayathibitishi kitu: homoni ileile inayoyavimbisha kabla ya hedhi ndiyo inayoyavimbisha mwanzoni mwa mimba. Na kidonge cha dharura chenyewe huweza kuchelewesha hedhi kwa wiki nzima. Wewe, kwa mzunguko wako mrefu wa siku 31, ulipaswa kuona siku zako kufikia tarehe 3. Leo umechelewa siku moja.

Kipimo cha tarehe 29 kilikuwa na makosa mawili, na yote hutokea kila siku. La kwanza ni tarehe. Kama kidonge kilisogeza yai hadi tarehe 20 au 21, basi tarehe 29 ilikuwa siku ya 8 au 9 tu, na hata mimba halisi isingeonekana kwenye mkojo. Vipimo vingi vya dukani huanza kutambua homoni ikifika miliyuniti 25 kwa kila mililita ya mkojo. Mwanzoni homoni hiyo huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 hadi 3: leo 10, keshokutwa 20, baada ya siku nyingine mbili 40. Kwa hiyo mstari mmoja siku ile unamaanisha "bado sijaona". Haumaanishi "haipo".

Kosa la pili ni kukisoma asubuhi. Mkojo ukikauka juu ya karatasi huacha alama pale palipowekwa dawa ya mstari wa pili. Alama hiyo huwa ya kijivu, nyembamba, haina rangi. Mstari wa kweli huja ndani ya dakika 5 na una rangi ileile ya mstari wa juu, hata ukiwa umefifia. Ulichokikuta dirishani usikihesabu kwa lolote, kwa mabaya wala kwa mazuri.

Fanya hivi tarehe 9, ambayo ni siku 21 kamili tangu tarehe 19. Nunua kipimo kilichofungwa vizuri, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi nyuma ya pakiti, na usinunue kwenye duka linaloweka boksi juani. Usinywe maji mengi usiku. Asubuhi, mkojo wa kwanza, kinga kwenye chombo safi kilichosuuzwa sabuni yote ikatoka. Pasua pakiti wakati huo huo. Chovya karatasi wima, mishale ikitazama chini, kwa sekunde 5 hadi 10 au kama pakiti inavyosema, bila kuzidi mstari wa kikomo. Ilaze mahali pakavu, tazama saa, soma dakika ya 5, na ikifika ya 10 itupe. Mstari mmoja juu kwenye C: mimba haikuonekana. Miwili, hata wa T ukiwa hafifu lakini wenye rangi: mimba ipo. Hakuna kabisa mstari wa C: kipimo kimeharibika, nunua kingine. Ukishindwa kusubiri, pima kesho. Miwili utaiamini, mmoja utaurudia tarehe 9. Na hizo sukari, chumvi na dawa ya meno zinazochanganywa na mkojo hazipimi kitu.

Mululuza weka kando. Tunajua inatumika kwa homa katika nyumba nyingi, lakini hakuna anayejua sufuria yako ina dawa kiasi gani. Ukianza kutokwa damu baada ya kuinywa, hatutajua kama ni hedhi, mimba inayotoka, au mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hedhi iliyochelewa siku moja haihitaji kuvutwa.

Kuhusu mtoto, tulia. Postinor haiharibu mimba iliyokwisha kushika wala haimlemazi mtoto, na haiharibu kizazi. Dawa ya malaria, kama ilikuwa ile ya mseto wa atemeta na lumefantrini, Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2022 hata kwa miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Cha kukwepa mapema ni Fansidar ya kukinga malaria, ambayo kliniki huanza kuitoa kuanzia wiki ya 13.

Sasa hesabu ya wiki, ambayo imevunja ndoa ya binamu yako bila kosa la mtu. Wakunga na madaktari duniani kote huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu ndiyo siku ambayo mwanamke anaikumbuka. Siku hiyo mimba haikuwepo. Mwanamke alikuwa anatoka damu. Yai hutoka kama wiki 2 baadaye. Kwa hiyo anayeambiwa ana mimba ya wiki 5, alikutana na mwanaume kama wiki 3 zilizopita. Mumewe aliyekuwa Mombasa wiki tano nyuma na nyumbani wiki tatu nyuma ndiye hasa mwenye hesabu inayolingana. Inatuuma kwamba kituoni hakuna aliyemweleza. Kwako, tarehe 9 itakuwa siku 37 tangu tarehe 3, na mkunga ataandika wiki 5 na siku 2, ilhali mwenzako alikuwa nawe wiki 3 zilizopita. Mweleze kabla hajaiona kadi. Au nenda naye kliniki ya wajawazito akirudi, mkunga amweleze kwa mdomo wake. Skani ya mapema ikitakiwa, huhesabu kwa mtindo huohuo na huweza kupishana na hesabu ya hedhi kwa siku 5 hadi 7, hilo nalo lisiwe ugomvi.

Mistari ikiwa miwili, usisubiri tumbo lionekane. Nenda kituo cha afya cha ngazi ya III kabla ya wiki ya 12. Utapimwa damu, VVU na kaswende, na utapewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Asidi ya foliki ina haraka yake: uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua. Waragi na pombe nyingine acha leo, bila kusubiri jibu. Na kama utaona huwezi kuibeba mimba hii, zungumza na mkunga au daktari aliyesomea, na usinunue vidonge vya kutoa mimba kwa mtu wa mtaani. Sheria ya Uganda inabana sana utoaji mimba, lakini mwanamke anayevuja damu, kwa sababu yoyote, anatakiwa kutibiwa kituoni, na asione haya kuja.

Mstari ukiwa mmoja tarehe 9, rudia tarehe 16 kama hedhi haijaja. Ukiwa mmoja tena, nenda ukaangaliwe kwa nini imechelewa. Kwa mwanamke ambaye mwenzake huja na kuondoka kama lori, tungependekeza kipandikizi cha miaka 3 au 5, au sindano ya miezi mitatu, ambayo siku hizi unaweza kufundishwa kujichoma mwenyewe. Kondomu zibaki kwa ajili ya maradhi. Zisikae tena kwenye dashibodi, kwani joto la kabini hukausha mpira. Mafuta ya mgando nayo huulegeza ndani ya dakika chache. Tumia kilainishi cha maji.

Kwa VVU, saa 72 za kuanza dawa za kinga zimepita. Pima sasa, kisha pima tena miezi mitatu baada ya tarehe 19. Mwenzako naye apime.

Jambo moja halisubiri tarehe 9. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya kitovu, kuzirai, au maumivu ya ncha ya bega, iwe na damu au bila damu, yanaweza kuwa mimba iliyotunga kwenye mrija, na mrija ukipasuka damu humwagika tumboni bila kuonekana. Saa hiyo hiyo tafuta gari uende penye chumba cha upasuaji, kituo cha ngazi ya IV au Hospitali ya Tororo, hata kama ni usiku.

Popote utakapokwenda, chukua karatasi uandike: hedhi tarehe 3, kondomu 15, kidonge 17, bila kinga 19, matone 26 na 27, na jibu la kila kipimo na saa uliyokisoma. Mpe mkunga kabla hajakuuliza.